Fahirisi ya Utendaji: Historia ya Ahadi za Huduma katika Kompyuta Kuu

Kipimo cha kwanza kilichotumiwa na wamiliki wa kompyuta kuu, yaani zile mashine kubwa ambazo benki, mashirika ya bima na idara za serikali huzitumia kuendesha kazi za maelfu ya watu kwa pamoja, kilikuwa kipimo cha shughuli wala si cha huduma. Katika miaka ya 1960 mashine za namna hiyo kwa kawaida zilikodishwa kwa fedha nyingi kila mwezi, na kwa sababu hiyo swali lililomkera mkuu wa chumba cha kompyuta lilikuwa kama prosesa inafanya kazi au imekaa bure. Prosesa iliyoshughulika karibu saa zote ilihesabiwa kuwa inalipa kodi yake, na ni wachache walioona haja ya kuuliza kazi hizo zilikuwa za nani na zilimrudia mwenyewe baada ya muda gani.

Hali hiyo ilitokana na namna kazi zenyewe zilivyofanywa. Kampuni ya IBM ilipotangaza jamii ya mashine za System/360 tarehe 7 Aprili 1964, sehemu kubwa ya kazi zilizokusudiwa zilikuwa za bechi, yaani kazi zinazokusanywa na kuendeshwa kwa mkupuo bila mtu yeyote kusubiri mbele ya mashine: mishahara ya mwisho wa mwezi, ankara, hesabu za ghala. Mfumo endeshi wake, OS/360, ambao ujenzi wake ulisimamiwa na Frederick Brooks na ukachelewa sana, ulitolewa kwa sura zaidi ya moja. Sura iliyoitwa MFT iliigawa kumbukumbu katika vyumba vilivyowekwa tangu awali, na ile iliyoitwa MVT iliruhusu idadi ya kazi na ukubwa wa vyumba vyake kubadilika kadiri kazi zilivyoingia na kutoka. Katika zote mbili aliyeamua nani atangulie ni binadamu, ambaye aliipa kila kazi namba ya kipaumbele, na mfumo ukaifuata namba hiyo bila kujali yaliyowapata waliokuwa nyuma.

Kumbukumbu za yaliyotendeka ziliandikwa na sehemu ya mfumo iliyojulikana kwa herufi SMF, ambayo iliweka rekodi kila kazi ilipoanza, ilipomalizika, muda wa prosesa ilioutumia na vifaa ilivyovishika. Rekodi hizo zilifaa kwanza kwa uhasibu, maana idara iliyotumia mashine ilipaswa kutozwa gharama yake. Ni jambo la kuzingatia kwamba upimaji wa kazi katika kompyuta kuu ulizaliwa ukiwa ankara kabla haujawa ahadi, na tabia hiyo ya kuzaliwa haijaiacha fani hii hata sasa.

Aliyebadilisha swali ni mtu aliyeketi mbele ya terminali. Katika chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka 1961, kwa mfumo wao wa CTSS, kwamba watu kadhaa wangeweza kuitumia mashine moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Ujanja wao wa kugawa muda ulikuwa wa ngazi: amri fupi ilihudumiwa haraka katika ngazi ya juu, na iliyochukua muda mrefu ikashushwa ngazi baada ya ngazi ili isiwazuie wengine. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Miller wa IBM alichapisha uchambuzi uliodai kwamba katika mazungumzo kati ya mtu na kompyuta, kusubiri zaidi ya takriban sekunde 2 huukata mfululizo wa fikra. Mwaka huo huo Peter Denning alieleza kwa nini mashine iliyobebeshwa programu kupita kumbukumbu yake huishia kuhamisha kurasa za data kati ya kumbukumbu na diski bila kufanya kazi yenyewe. Hoja hizo mbili zikiwekwa pamoja, kile kipimo cha zamani kinaanguka, kwa kuwa mashine inaweza kuwa na shughuli nyingi kupita kiasi huku watu wake wote wakisubiri.

IBM ilipoongeza terminali katika MVT mwaka 1971 kwa nyongeza iliyoitwa TSO, kazi za bechi na watu wanaosubiri jibu walijikuta ndani ya mashine moja, na jibu la kwanza lililopangika la mgongano huo lilikuja mwaka 1974 pamoja na mfumo endeshi wa MVS. Ndani yake mlikuwa na SRM, msimamizi wa rasilimali za mfumo, ambaye H. W. Lynch na J. B. Page walimweleza katika jarida la IBM Systems Journal mwaka huo huo. Msimamizi huyu alikuwa na uwezo wa kuitoa kazi nzima kwenye kumbukumbu na kuihifadhi kwenye diski, kisha kuirudisha zamu yake ilipofika, na ili ajue ni ipi ya kutoa na ipi ya kurudisha alihitaji kipimo kimoja cha ulaji. Kipimo hicho kiliitwa uniti ya huduma: muda wa prosesa, idadi ya safari za kusoma na kuandika kwenye diski, na kiasi cha kumbukumbu kilichoshikwa, kila kimoja kikizidishwa kwa namba iliyochaguliwa na wenye mashine kisha vyote vikajumlishwa.

Kwa kutumia uniti hizo, mtaalamu wa kituo aliandika waraka wa vigezo uliojulikana kama IPS, ambamo kazi ziliwekwa katika makundi na maisha ya kila kazi yakakatwa katika vipindi. Mtumiaji wa TSO aliyetoa amri ndogo alihudumiwa katika kipindi cha kwanza kwa haraka, na amri yake ikishakula uniti kadhaa ilishushwa hadi kipindi cha pili, ambako masharti yalikuwa magumu zaidi. Wazo la Corbató la ngazi linaonekana hapa wazi, na vipindi hivyo vimedumu hadi leo. Tangu mwanzo SRM aliweza hata kupewa shabaha, lakini shabaha hizo ziliandikwa kwa uniti za huduma kwa sekunde, na hapo ndipo penye udhaifu wake mkubwa: hakuna meneja wa tawi la benki aliyewahi kulalamika kwamba karani wake alipata uniti chache. Alilalamika kwamba karani alisubiri. Kati ya lalamiko hilo na vigezo vya IPS palikuwa na pengo ambalo lilizibwa na mtu mmoja au wawili katika kila kituo, wenye uzoefu wa miaka, ambao waliongeza namba hapa, wakapunguza kule, kisha wakangoja kesho waone kilichotokea.

Vyombo vya kuona kilichotokea vilikuwa vinaboreka kwa haraka kuliko vyombo vya kukitawala. Programu ya RMF, ambayo kazi yake ni kupima matumizi ya rasilimali, ilikuwa ikizungusha macho ndani ya mfumo na kutoa taarifa kila baada ya muda uliowekwa, mara nyingi dakika 15 au 30, ikionyesha kila kundi la kazi lilimaliza miamala mingapi na kwa muda gani. Mwaka 1980 Barry Merrill alichapisha mwongozo wa kuchambua rekodi za SMF na RMF kwa programu ya takwimu ya SAS, na uchambuzi wa utendaji ukaanza kuwa taaluma yenye vitabu na wataalamu wake. Mwaka 1982 Walter Doherty na Arvind Thadani wa IBM walitoa hoja iliyowavutia wenye fedha: muda wa kuitikia, yaani muda kati ya mtu kubonyeza kitufe na jibu kutokea, ukishushwa chini ya sekunde 1, kazi anayomaliza mtu kwa saa huongezeka kuliko hesabu ya sekunde zilizookolewa ingeweza kueleza. Idara za kompyuta zikaanza kutia saini mikataba ya viwango vya huduma na idara nyingine, zikiahidi, kwa mfano, kwamba sehemu kubwa ya miamala itaitikiwa ndani ya sekunde kadhaa. Mikataba hiyo ilikaa kwenye makabati, kwa kuwa mashine yenyewe haikuwa na mahali pa kuisoma.

Kilicholazimisha mabadiliko kilikuwa zaidi ya fikra nzuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 IBM ilikuwa katika hali mbaya, na mwaka 1993 ilipata hasara ya takriban dola bilioni 8. Kompyuta zake kuu zilitengenezwa kwa teknolojia ghali iliyohitaji kupoozwa kwa maji, na uamuzi uliofuata ulikuwa kuhamia kwenye prosesa za CMOS, ambazo zilikuwa nafuu na hazikula umeme mwingi, ila kila moja yake ilikuwa na kasi ndogo kuliko ile iliyoitangulia. Ili kufidia kasi hiyo, mashine kadhaa ziliunganishwa zifanye kazi kama mfumo mmoja unaoshirikiana data, mpango uliotangazwa mwaka 1994 kwa jina la Parallel Sysplex na ulioweza kuunganisha mifumo hadi 32. Mtaalamu aliyekuwa akihangaika na waraka mmoja wa IPS sasa angehitaji kuoanisha nyaraka nyingi, katika mifumo ambamo kazi ya mteja mmoja ingeweza kuangukia mashine yoyote. Hilo halikuwa jambo la kufanywa kwa mkono.

Katika toleo la MVS/ESA 5.1 la mwaka 1994 ndipo alipoingia WLM, msimamizi wa mzigo wa kazi, ambaye kanuni zake zilielezwa kwa kina mwaka 1997 na Aman, Eilert, Emmes, Yocom na Dillenberger katika makala yao kuhusu kanuni za kujirekebisha. Wenye mashine walitakiwa waache kuuambia mfumo namna ya kugawa, wauambie wanataka nini. Waliandika waraka mmoja kwa mifumo yote iliyounganishwa, ukiwa na madaraja ya huduma, na kila daraja lilikuwa na lengo pamoja na umuhimu wa kuanzia 1, ulio mkubwa kabisa, hadi 5. Lengo liliweza kuwa wastani wa muda wa kuitikia, au asilimia fulani ya miamala kumalizika ndani ya muda fulani, au, kwa kazi zisizo na mwanzo na mwisho unaoeleweka, mwendokasi wa utekelezaji. Kazi ambazo hakuna aliyezidai ziliwekwa katika daraja la hiari, zikila mabaki.

Kwa kuwa malengo hayo yalikuwa ya aina tofauti, yalihitaji kipimo kimoja cha kuyalinganisha, na kipimo hicho ndicho fahirisi ya utendaji. Kwa lengo la muda, fahirisi hupatikana kwa kugawa muda uliotumika kwa muda ulioahidiwa. Kwa mwendokasi, ambako kubwa ndiko kuzuri, mgawanyo hugeuzwa, lengo likagawiwa kwa kilichopatikana. Matokeo yake husomwa kwa namna moja daima: 1 maana yake ahadi imetimizwa barabara, chini ya 1 imepitwa kwa uzuri, na juu ya 1 imevunjwa. Daraja la hiari, ambalo halikuahidiwa chochote, limepewa fahirisi ya kudumu ya 0.81, hivyo halionekani kamwe kuwa limedhulumiwa.

Mwendokasi wa utekelezaji unastahili maelezo zaidi, kwa sababu ndio uliowachanganya wengi. WLM huchungulia hali ya kila kazi mara 4 kwa sekunde na kuandika kama imekutwa ikitumia rasilimali au ikiisubiri. Ikiwa katika machungulio 200 kazi ilikutwa ikitumia mara 60, ikisubiri mara 90, na mara 50 zilizobaki haikuwa na haja yoyote ambayo mfumo unaisimamia, zile 50 huachwa nje ya hesabu, na mwendokasi huwa 60 kati ya 150, yaani asilimia 40. Lengo likiwa asilimia 50, fahirisi ni 1.25. Kipimo hiki ni cha werevu, lakini kina kasoro isiyoweza kufichwa: hakimwambii mteja chochote kuhusu muda wake, na hubadilika mashine inapobadilishwa, kwa kuwa mashine yenye prosesa nyingi zaidi huifanya kazi ile ile isubiri kidogo hata kama shughuli kwa jumla ni sawa. Kituo kilichonunua mashine mpya kikayaacha malengo ya zamani ya mwendokasi yalivyo kilikuwa na ahadi ambazo maana yake ilikwisha kubadilika bila mtu kuzigusa.

Wastani nao una hila zake. Chukua miamala 100 ambayo 99 kati yake iliisha kwa sekunde 0.2 kila mmoja, na mmoja, labda kwa kukwama kwenye hifadhidata, ukachukua sekunde 80. Wastani wake unakaribia sekunde 1. Lengo likiwa wastani wa sekunde 0.5, fahirisi inakaribia 2, na WLM atakimbilia kulisaidia daraja ambalo karibu wateja wake wote wameridhika. Lengo likiandikwa kwamba asilimia 90 ya miamala iishe ndani ya sekunde 0.5, muamala ule mmoja hauna nguvu tena. Kwa ajili hiyo mfumo huipanga miamala katika makundi 14 kulingana na muda wake, kuanzia iliyoisha ndani ya nusu ya lengo hadi iliyopita mara nne ya lengo, na fahirisi husomwa kutoka kundi ambalo asilimia iliyoahidiwa inatimia. Katika mfano huu inatimia katika kundi la kwanza kabisa, na fahirisi ni 0.5. Ushauri wa kutumia asilimia badala ya wastani ulienea mapema miongoni mwa wataalamu, na ulistahili kuenea.

Fahirisi hizo ndizo zinazoendesha uamuzi. Kila sekunde 10 WLM hutazama madaraja yote, akaanza na yenye umuhimu wa 1 ambayo fahirisi yake imezidi 1, akachagua lililo hoi zaidi kuwa mpokeaji. Kisha hutafuta kinacholichelewesha, iwe ni prosesa au kumbukumbu, na hutafuta mtoaji, kwa kawaida daraja lenye umuhimu mdogo au lile ambalo fahirisi yake inaonyesha lina ziada. Kabla ya kuhamisha chochote hukadiria fahirisi za pande zote mbili zitakuwa ngapi baada ya uhamisho, na kama faida haizidi hasara huacha. Daraja ambalo limeshindikana kusaidiwa huwekwa kando kwa muda ili wengine wapate zamu. Sababu za kila uamuzi huandikwa katika rekodi ya SMF ya aina ya 99, ambayo ni ndefu na ya kuchosha kusoma, lakini ndiyo shahidi pekee wa kuaminika pale mtu anapouliza kwa nini kazi yake ilinyimwa.

Utaratibu huo ulifichua jambo ambalo enzi ya IPS ililifunika. Lengo lililolegezwa mno ni hatari kuliko linavyoonekana: daraja linalohitaji sekunde 0.3 kikweli, likiandikiwa sekunde 2, huonyesha fahirisi nzuri ya 0.15 na kwa hiyo hugeuka kuwa mtoaji, likinyang'anywa rasilimali hadi wateja wake waanze kulia huku taarifa zikisema yote ni shwari. Lengo lisilowezekana nalo humfanya WLM ajaribu, ashindwe na aliweke kando. Ilibidi basi wenye mashine wapime kwanza kilichokuwa kikitokea, wakae na wakuu wa idara, wakubaliane ni kipi kati ya vyote kinachoweza kuchelewa, na hapo ndipo waandike. Kuandika programu ya WLM kulikuwa kazi ya maabara moja; kuwashawishi watu katika kila shirika wakiri kwamba kazi yao haikuwa ya umuhimu wa 1 kulikuwa kazi ya kila siku.

Haishangazi basi kwamba hali ya zamani iliachwa ikae sambamba na mpya kwa miaka kadhaa. Vituo vingi viliendelea kuendesha vigezo vya IPS ambavyo wataalamu wao walivijua kwa moyo, na wakati huo uwezo wa WLM uliongezwa: kazi moja inayopita katika sehemu nyingi za mfumo, kama ombi linaloingia kutoka nje hadi kwenye hifadhidata ya DB2, iliweza kuainishwa na kupimwa kama kitu kimoja, na baadaye idadi ya nafasi za kuanzishia kazi za bechi ikaachwa iamuliwe na malengo yenyewe. Mwaka 2002 mjadala ulifungwa kwa amri ya kiufundi, pale toleo la z/OS 1.3 lilipoiondoa kabisa njia ya zamani.

Tayari kabla ya hapo mipaka ya mfumo mmoja ilikuwa imevukwa. Mashine ya z900 ya mwaka 2000, ambayo kama watangulizi wake iliweza kugawanywa katika sehemu za kimantiki ambazo kila moja huendesha mfumo wake endeshi, ilimruhusu WLM kuhamisha sehemu ya nguvu za prosesa kutoka sehemu moja hadi nyingine za mfumo ule ule ulioungwa, kulingana na fahirisi. Pamoja nayo ilikuja ankara mpya. Malipo ya programu za IBM yaliruhusiwa kufuata matumizi badala ya ukubwa wa mashine, matumizi yakipimwa kwa wastani wa saa 4 unaosogea, na wenye mashine wakaweza kuweka kikomo ambacho wastani huo ukikivuka sehemu husika hubanwa. Anayebana ni WLM yule yule anayelinda ahadi za huduma. Mwisho wa mwezi, kazi zinapojaa na kikomo kikafikiwa, kati ya madaraja yenye malengo, yale ya umuhimu wa 4 na 5 ndiyo yanayokauka kwanza, na fahirisi zao hupanda bila rasilimali kupungua kwenye mashine. Mchambuzi anayesoma taarifa ya RMF ya siku kama hiyo hulazimika kujua bei pamoja na kasi, la sivyo atapendekeza kununua prosesa ambazo tayari zipo.

Toleo la z/OS 3.1, lililotolewa Septemba 2023, liliongeza uwezo wa kutabiri kwa akili unde wimbi la kazi za bechi kabla halijafika, ili nafasi za kuzianzishia ziandaliwe mapema badala ya mfumo kungoja foleni irefuke kwanza ndipo uchukue hatua. Kinachotabiriwa ni ujio wa kazi. Muda unaoahidiwa, asilimia ya miamala inayopaswa kuutimiza, na namba ya umuhimu kati ya 1 na 5, bado huandikwa na watu katika waraka wa huduma, baada ya mabishano yao wenyewe.